Mfunze mwanao kuhesabu muda kwa vifuniko vya soda

MUULIZE mtoto wa gredi ya nne ni saa ngapi naye atakujibu bila kusita, hasa ikiwa kuna simu karibu. Lakini hebu muulize ni muda gani umepita tangu atoke shuleni. Utamwona akikodolea dari macho, akihesabu vidole, kisha atakutajia jibu ambalo hata yeye mwenyewe halimridhishi. Kusoma saa ni jambo moja, na kuhesabu muda ni jambo jingine kabisa. Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto akishalijua la kwanza, la pili litakuja lenyewe. Haliji lenyewe, mpenzi msomaji.

Huku kwetu Lucky Summer, mtaa unaopakana na Baba Dogo na Korogocho katika eneo bunge la Ruaraka, watoto wengi hujifungulia mlango wenyewe jioni. Wazazi huwa viwandani, sokoni, au wako kwenye vibarua vya kufua nguo mitaa ya mbali. Mtoto wa miaka kumi ndiye anayeachiwa mdogo wake, sufuria ya maharagwe jikoni, na wakati mwingine hata dawa. Mtoto kama huyo anahitaji hesabu ya muda kabla hajaihitaji kwenye mtihani.

Jirani yangu mmoja aliwahi kumwachia bintiye dawa ya kikohozi ya mdogo wake, ikiwa imepimwa tayari katika kikombe kidogo. Mama alikuwa ametoa ya kwanza saa tatu asubuhi. Kwenye chupa mwenye duka la dawa alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba dawa itolewe baada ya muda wa saa sita. Mama akatafsiri kwa haraka huku akifunga leso: "Mdogo wako anakunywa kila saa sita, sawa mwanangu?"

"Sawa, mama."

Saa sita ilipofika, adhana ya adhuhuri ikikaribia, binti akampa mdogo wake dawa. Zilikuwa zimepita saa tatu tu. Alipaswa kungoja hadi saa tisa alasiri. Mtoto hakudhurika, ila mama aliporudi alimgombeza sana binti yule, naye akabaki analia tu kwa sababu alikuwa amefanya hasa alichoambiwa. Kila siku, saa sita, toa dawa. Ukiyachunguza maneno yenyewe, utakubali kwamba binti alikuwa na haki ya kuelewa alivyoelewa.

Hapa ndipo lugha yetu inapotutega. Katika Kiswahili "saa sita" ni wakati jua linapokuwa utosini, na vile vile ni muda wa dakika 360. Neno ni moja kwa mambo mawili. Mwingereza ana neno lake la muda na jingine la saa ya ukutani, kwa hivyo mtoto wake hasumbuki hapo. Watoto wetu wa Eastlands wamejitafutia dawa yao: wakitaka kutaja muda husema "masaa sita", na wakitaja wakati husema "saa sita". Walimu wa Kiswahili hulikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, kwani saa ni nomino isiyobadilika katika wingi: saa moja, saa kumi. Kwa sarufi walimu hawajakosea. Ila nasema wazi kwamba mtoto anayesema "masaa" ameshaitambua tofauti ambayo wengi hawaioni, na ni afadhali kumwongoza polepole aseme "muda wa saa sita" kuliko kumkemea tu. Mzazi naye aanze na ulimi wake. Usimwambie mtoto "kaa hapo saa mbili" ukitaraji ajue kama unamaanisha ule muda au ile saa.

Baada ya ulimi, tuje kwenye mikono. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika kote nchini katika gredi za chini mwaka wa 2019, wazazi wengi wamelalamikia gharama ya vifaa ambavyo watoto hutakiwa kupeleka shuleni. Kifaa ninachotaka kukueleza leo hakikugharimu chochote isipokuwa kamba na muda wako wa Jumapili alasiri. Nenda kwenye kioski au hoteli iliyo karibu uombe vifuniko vya soda, vile vya bati. Utahitaji 38. Kama unaweza, tafuta 13 vya rangi moja, 12 vya rangi nyingine, na 13 vya rangi yoyote ile.

Kazi ya kutoboa ni ya mtu mzima. Weka kifuniko juu ya ubao, gonga kingo zake kwa nyundo mpaka zilale zisimkate mtoto, kisha toboa tundu moja dogo karibu na ukingo kwa msumari. Chukua kamba ya mita mbili na nusu. Vining'inize juu yake, kwa uzi mfupi, vile vifuniko 13 vya rangi ya kwanza, kimoja baada ya kingine, ukiacha nafasi ya sentimita kumi hivi kila mahali, kisha uendelee na vile 12 vya rangi ya pili. Vya kwanza ni vya mchana, vya pili ni vya usiku. Bandika kipande cha karatasi upande wa mbele wa kila kifuniko uandike saa kwa Kiswahili: saa 12 asubuhi, saa 1, saa 2, mpaka saa 12 jioni, halafu saa 1 ya usiku, mpaka ufike tena saa 12 asubuhi. Upande wa nyuma andika saa ile ile kama inavyosomwa kwa Kiingereza: nyuma ya saa 2 kutakuwa na 8, nyuma ya saa 7 kutakuwa na 1. Funga kamba kwenye misumari miwili ukutani, kama kamba ya kuanikia nguo. Imekwisha.

Vile 13 vilivyosalia vitie kwenye kamba fupi, nafasi zikiwa ndogo. Hii ni kamba ya dakika. Kila nafasi kati ya kifuniko na kifuniko ni dakika tano. Ukiikunja iwe duara, kifuniko cha 13 kitalala juu ya cha kwanza, na hapo utakuwa na uso wa saa ya ukutani, wenye vituo 12. Ukiinyosha, una mstari wa dakika 60. Mwache mtoto aikunje na kuinyosha mara nyingi apendavyo. Saa ya mviringo humdanganya mtoto kwamba wakati unarudi ulikotoka. Kamba iliyonyoshwa humwonyesha kwamba wakati unakwenda mbele tu.

Sasa chukua vibanio viwili vya nguo. Tuseme mama ameondoka nyumbani saa tatu na dakika 40 asubuhi kwenda Baba Dogo, akarudi saa saba na robo mchana. Mtoto abane kibanio kimoja baada kidogo ya katikati ya saa 3 na saa 4, na kingine baada kidogo ya saa 7. Kisha aruke kwa kidole. Ruko la kwanza ni mpaka kwenye kifuniko kilicho karibu: kutoka tatu na arobaini hadi saa nne. Ni dakika ngapi? Aihesabu kwenye kamba fupi: nafasi nne, dakika 20. Ruko la pili ni kubwa: kutoka saa nne hadi saa saba, muda wa saa tatu. Ruko la mwisho: kutoka saa saba hadi saa saba na robo, dakika 15. Jumla ni saa tatu na dakika 35. Hakuna kukopa wala kutoa.

Ukitaka kujua kwa nini ninasisitiza maruko haya, mpe mtoto hesabu ile ile aifanye kwa kalamu. Wengi wataandika 1315 kwa mtindo wa saa 24, watoe 940, wapate 375, kisha wakueleze kwa ujasiri kwamba ni saa tatu na dakika 75. Yaani saa nne na robo! Wamemwongezea mama dakika 40 ambazo hakuzitumia. Kosa lenyewe linaeleweka kabisa. Tangu darasa la kwanza tumewazoesha kwamba ukikopa kwa jirani unaletewa kumi, na ukikopa mbele zaidi unaletewa mia. Saa haifuati desturi hiyo. Saa hukopesha 60. Desturi ya kuhesabu kwa sitini tumeirithi kutoka kwa watu wa Babeli ya kale, katika nchi inayoitwa Iraq siku hizi, na dunia nzima imebaki nayo katika dakika na sekunde hata baada ya kugeuza karibu kila kitu kingine kiwe cha kumi kumi.

Wapenzi wa riadha wana mfano mzuri zaidi. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin mnamo Septemba 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Mwaka uliofuata, mnamo Oktoba 2023, marehemu Kelvin Kiptum akaivunja rekodi hiyo huko Chicago kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35. Tofauti ni ngapi? Anayekopa mia atakuambia sekunde 74. Anayeruka atakwenda kutoka 35 hadi 60, sekunde 25, kisha aongeze zile 9 na kupata 34. Mtoto asiyependa hesabu hata kidogo ataifanya hii, mradi tu baba yake ni shabiki.

Kuna kosa jingine ambalo kamba huliponya, nalo huwapata hata watu wazima. Mwambie mtoto ahesabu kutoka saa mbili hadi saa nne. Wengi watagusa kifuniko cha saa mbili, waseme "moja", cha saa tatu "mbili", cha saa nne "tatu". Saa tatu! Wamehesabu vifuniko badala ya nafasi. Usimkatize wala usimcheke. Mwambie tu aweke kidole kwenye saa mbili na kunyamaza, kwani hapo bado hajaenda popote. Aseme "moja" pale kidole kinapofika saa tatu. Mtu aliyesimama kituoni hajasafiri bado, hata kama ameshalipa nauli.

Hebu sasa tugeuze vifuniko. Watoto wetu wanaishi na saa mbili kwa pamoja. Mwalimu wa Hisabati husema "eight o'clock", mwalimu wa Kiswahili husema saa mbili, nyanya aliyeko mashambani husema saa mbili, na simu huandika 8:00. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, na katika nchi iliyopitiwa na ikweta hilo lina maana kubwa. Hapa Nairobi mapambazuko hayapishani sana mwaka mzima, labda kwa nusu saa hivi, kwa hivyo kusema kwamba siku inaanza saa kumi na mbili si ubishi wa wazee. Waethiopia pia huhesabu hivyo hivyo. Siyo lugha iliyopotoka wala tafsiri mbaya ya Kiingereza, kama baadhi ya watoto wanavyodhani.

Na kuna faida ambayo sijasikia ikitajwa. Kanuni za elimu ya msingi za mwaka wa 2015 ziliweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Ni muda gani huo? Kwa Kiingereza ni kutoka 8:00 hadi 3:30, na mtoto hukwama papo hapo. Atatoaje nane kutoka tatu? Wengine hugeuza, watoe tatu kutoka nane, waseme tano. Kwa Kiswahili ni tisa na nusu toa mbili: saa saba na nusu. Kazi imekwisha! Sababu ni kwamba saa ya Kiingereza hurudi kwenye moja katikati ya mchana, wakati watu wako kazini na watoto wako darasani. Saa yetu hurudi kwenye moja jioni, kazi nyingi zikiwa zimekwisha. Kwa hivyo mtoto akikwama kwenye swali la mchana lililoandikwa kwa Kiingereza, mwambie ageuze vifuniko upande wa Kiswahili, apate jibu, kisha aliandike kwa Kiingereza. Muda haubadiliki kwa kubadilishiwa jina.

Asipokuamini, mkumbushe au msimulie habari za tarehe 12 Oktoba 2019. Siku hiyo Kipchoge alikimbia kilomita 42 na mita 195 mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Alianza saa za kule zikiwa 8:15 asubuhi. Saa za Kenya zilikuwa 9:15. Na sisi tuliokuwa tumekusanyika mbele ya runinga tulisema ni saa tatu na robo. Hapo una nambari tatu tofauti kwa dakika moja ile ile. Hata hivyo, alipofika mwisho hakuna aliyebishana kuhusu muda aliotumia. Austria yote na Kenya yote zilihesabu sekunde zile zile.

Usiku ndio mgumu, na ndiyo sababu nilikuomba vifuniko vya rangi ya pili. Mtoto wa mlinzi mmoja hapa mtaani aliulizwa baba yake hufanya kazi kwa muda gani, kutoka saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili. Akajibu: "Sifuri." Kumi na mbili toa kumi na mbili! Watu walicheka, lakini kwa kalamu na karatasi jibu lake halina dosari. Kwenye kamba, hata hivyo, saa kumi na mbili zipo tatu, kila moja mahali pake, na mtoto huyo akitembeza kidole kutoka ile ya jioni hadi ile ya alfajiri ataona usiku mzima ambao baba yake hakulala. Hapo pia ndipo pa kumweleza kwamba kwa hesabu ya Kiswahili usiku hutangulia mchana wake, na ndiyo maana tunasema usiku wa kuamkia Jumapili, ilhali kwenye simu tarehe haibadiliki mpaka saa sita za usiku.

Wazazi waliofanya KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, wanalikumbuka lile swali la gari lililoondoka Nairobi usiku na kufika Mombasa asubuhi. Wengi wetu tulilikariri tu. Mtihani umekwenda lakini swali limebaki, kwa sababu mabasi bado yanaondoka usiku.

Nakushauri usifanye somo hili kwa zaidi ya dakika 20 kwa siku. Livunje katika shughuli za nyumbani. Mtoto abane kibanio maji ya chai yakiwekwa jikoni, abane kingine yakichemka. Kabla ya hapo akisie ni dakika ngapi zitapita, kwani watoto wengi hukisia vibaya sana mwanzoni na huona raha kujisahihisha. Kwa wa gredi ya nne hadi ya sita, somo moja darasani ni dakika 35. Muulize masomo mawili yanayofuatana ni muda gani, naye ataona kwenye kamba fupi kwamba 70 imevuka kifuniko cha mwisho kwa nafasi mbili: saa moja na dakika 10. Na ukiwa na dawa ya kutolewa mara tatu kwa siku, kila baada ya muda wa saa nane, mwache mtoto mwenyewe atafute vituo. Akianzia saa kumi na mbili asubuhi atafika saa nane mchana, kisha saa nne usiku, kisha saa kumi na mbili tena. Vibanio vitatu vikae hapo mpaka mgonjwa apone. Kutoa dawa kubaki kazi ya mtu mzima kila inapowezekana.

Haya basi, jaribuni haya pamoja jioni ya leo, bila kalamu:

Githeri iliwekwa jikoni saa tisa na dakika 20 alasiri, ikaiva saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Ilichemka kwa muda gani?

Kipindi cha runinga kilianza saa moja na dakika 50 usiku, kikaisha saa tatu kasorobo. Kilikuwa cha dakika ngapi?

Mlinzi aliingia kazini saa kumi na moja na nusu jioni, akatoka saa kumi na mbili na robo asubuhi. Alikesha kwa muda gani?

Mtoto anatakiwa awe shuleni saa mbili kamili. Kujitayarisha na kunywa chai humchukua dakika 40, kutembea dakika 25. Aamke saa ngapi? (Hapa kidole kinarudi nyuma.)

Majibu: saa 2 na dakika 45, dakika 55, saa 12 na dakika 45, saa moja kasoro dakika tano asubuhi.